Galaksi Zilizofika Marani Kabla Yangu

Mmeniuliza, kila mmoja kwa njia yake, ilikuwaje sanduku langu likaenda kanisani na mimi nikaenda nyumbani. Naona habari imewafikia huko Nairobi vipande vipande, na kila aliyeisimulia ameitia chumvi. Mmoja wenu ameambiwa nililala rumande. Mwingine ameambiwa nimeokoka. Hakuna hata moja katika hayo lililotokea. Sasa niko kwetu Nyamira, mvua inapiga mabati, Mama yuko jikoni anaimba, na nina nafasi ya kuwaeleza yote kama yalivyokuwa.

Ninyi mlionisindikiza stendi mlilibeba sanduku lile bila kuliona ndani. Ndani mlikuwa na vioo vya mraba, kila kimoja kimefungwa katika karatasi yake. Kila kioo ni nakala ya picha ya kipande kimoja cha mbingu, iliyopigwa kwa darubini kubwa huko ng'ambo nilikokuwa nikisoma. Picha hizo ziko kinyume: giza la angani limetoka jeupe, na nyota zimetoka vidoa vyeusi. Ukikitazama haraka utadhani ni kioo cha dirisha kilichorukiwa na matope. Ukikitazama kwa lenzi utaona kwamba vidoa vingine si nyota kabisa. Vimechongoka kama yai, au vimejisokota kama uzi. Hizo ni galaksi. Kila moja ni nchi nzima ya nyota, na zile za mbali zaidi nuru yake iliondoka huko kabla milima ya Kisii haijainuka.

Ninachofanya ni kuzihesabu. Galaksi hazikutawanyika ovyo kama mbegu zilizomwagika. Zimekaa makundi makundi. Na ndani ya kundi zinakwenda kasi mno. Ukijumlisha uzito wa kila kinachong'aa humo, hautoshi kuzizuia zisisambaratike. Lazima kuna kitu kingine, kizito, kisichotoa nuru yoyote, kinachozishika pamoja. Wataalamu wanakiita uzito uliopotea. Mimi nalinganisha makundi ya karibu na ya mbali, kwa sababu kutazama mbali ni kutazama zamani, ili nijue galaksi zilianza lini kukusanyika hivyo.

Mama alipofanyiwa operesheni niliomba ruhusa nije kukaa naye. Profesa wangu alinionea huruma akaniazima nakala zile nimalizie hesabu nyumbani. "Zitunze," aliniambia. "Seti nyingine ya kukupa sina." Kwa hiyo mjue: ndani ya mbao zile ilikuwamo miaka yangu yote ya kusoma.

Nairobi hadi Keroka

Basi liliondoka likiwa limejaa na likiwa na furaha, kama mlivyoona. Furaha iliishia baada ya Nakuru, springi ya nyuma ilipokatika. Tulishuka tukakaa kwenye majani huku dereva na utingo wamelala chini ya gari. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja mpishi mstaafu wa reli, anarudi kwao Sotik. Alifungua kikapu akatoa mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa katika kipande cha gazeti.

"Kula, binti," alisema. "Gari likiharibika, tumbo ndilo huanza kuogopa."

Nilikula. Akaniuliza nina nini kule juu ya basi hata nikawa namwangalia utingo kila anapopanda. Nikamwambia ni vioo. Akatikisa kichwa. "Vioo juu ya basi! Afadhali ungebeba maziwa kwenye kikapu."

Tulipofika Kericho mvua ilikuwa imetutangulia. Tulipopita Sotik, ambako mzee alishuka na kikapu chake, haikuwa mvua tena, ilikuwa mto unaoteremka kutoka mbinguni. Keroka tuliingia jioni. Mimi nilitakiwa kushukia hapo nitafute gari la Nyamira, na basi liendelee Kisii. Utingo, kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Onchari, alipanda juu, akafunua turubai kidogo tu, akapapasa, akaniteremshia sanduku la mbao. Lilikuwa sanduku langu: mbao zile zile nyeupe, alama ile ile nyekundu ya bilauri kuonyesha kwamba ndani mna kioo. Karatasi yenye jina langu ilikuwa imelowa na kubanduka, lakini katika mvua ile nani angeshangaa?

"Ni hili, dada?" Onchari alipaza sauti kutoka juu.

"Ni hilo!" nikajibu. Basi likaondoka.

Mimi ninayesomea uzito nililibeba sanduku lile na mtu mwingine hadi kibarazani mwa duka moja, na sikugundua kwamba lilikuwa zito kuliko lilivyokuwa asubuhi.

Keroka hadi Nyamira

Nilipata lifti kwa bwana mmoja wa ofisi ya kilimo aliyekuwa akirudi Nyamira na Landrova. Alikazia macho barabara njia nzima kwa sababu ya utelezi. Nyumbani nilimkuta Mama ameketi, amekonda, lakini sauti yake ni ile ile.

"Bwakire, moiseke one!" aliniita, yaani kumekucha, binti yangu, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama na salamu ile ni ya asubuhi. Alisema kwake ndiyo kwanza kumekucha.

Tulilia kidogo, tukacheka, tukanywa chai. Kisha akataka aone kilichoniweka ng'ambo muda wote huo. Nilichukua patasi ya marehemu Baba nikafungua kifuniko. Nikatoa kioo cha kwanza. Kilikuwa kisafi. Nikatoa cha pili. Kisafi. Nikavitoa vyote nikavisimamisha ukutani, na kupitia kila kimoja niliuona ukuta wetu, na kalenda, na miguu ya Mama.

Mama alikitazama kimoja kwa heshima. "Ni vioo vizuri," alisema taratibu. "Lakini hivi si hata Kisii vipo?"

Nilikaa sakafuni katikati ya vioo vile vya watu. Mama alinyanyuka, na hakutakiwa kunyanyuka, akaja akanishika bega.

"Kama vyako vilikuja na basi moja na hivi," alisema, "basi mwenye hivi anavyo vyako. Kesho utamtafuta. Leo utakula."

Nilikula bila kujua ninakula nini.

Nyamira hadi Kisii

Asubuhi nilifika Kisii mjini nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya basi. Karani alikuwa mtu wa makamo mwenye tai, anapiga muhuri bila kuinua uso. Nilimweleza. Aliniambia nirudi wiki ijayo. Nikamwambia siwezi. Akauliza, bado hajainua uso, "Wewe unafanya kazi gani?"

Nilikuwa nimechoka, na sikulala, na nilimjibu kama ambavyo ningemjibu mwanafunzi mwenzangu. "Nachunguza uzito uliopotea."

Muhuri ulisimama hewani. Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza: koti langu la ng'ambo, miwani, mkoba.

"Uzito wa mizigo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Uzito wote," nikasema. "Tunachokiona hakilingani na kilichopo."

"Kwa nini hawakutuambia unakuja?" Aliinuka akaufuta kwa mkono wake kiti kilichokuwa kisafi. "Keti, mama. Mleteeni mama chai! Na mandazi!"

Nililetewa chai ya maziwa matupu na mandazi yenye moto. Karani alianza kunieleza, bila kuulizwa, habari za gunia la sukari lililopungua njiani na turubai lililochanika, na jinsi kosa lilivyokuwa la watu wa Nakuru. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananidhania mkaguzi wa kampuni kutoka makao makuu. Nilipoelewa nikamwambia ukweli: mimi ni mwanafunzi, na uzito ninaouchunguza uko mbinguni. Alinitazama kwa masikitiko makubwa, halafu akaiangalia chai niliyokwisha kunywa.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alisema utingo wangu, Onchari, yuko mapumzikoni kwao Nyamache, na kwamba yeye peke yake ndiye ajuaye alimpa nani lile sanduku jingine. Tatizo, alisema huku akikwepa macho yangu, ni kwamba dakika chache zilizopita, nikiwa bado nakunywa chai, alimtuma mtu anayekwenda Nyamache amwonye Onchari kwamba mkaguzi amefika.

Kisii hadi Nyamache

Lori tupu la kuchukua majani ya chai lilikuwa likielekea huko, na dereva alinikaribisha mbele. Njia ilikuwa tope jekundu mwanzo hadi mwisho. Mara mbili tulisimama, wakulima wakatoka mashambani na majembe, wakachimba chini ya magurudumu, wakasukuma, wakatupungia mkono na kurudi kwenye chai yao kana kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya kazi ya siku.

Nyamache ilikuwa siku ya soko. Nilimwuliza mwanamke wa kwanza kuhusu Onchari wa basi, akanionyesha mwingine anayeuza ndizi. "Mke wake ni yule."

Yule mke, Nyaboke, alinikazia macho. "Hayuko," alisema. "Ameenda Sotik."

Nyuma ya lundo la mikungu ya ndizi niliona miguu miwili imevaa viatu vya raba.

"Mama," nikasema, "mimi si mkaguzi. Ni yule dada wa Keroka, wa sanduku la vioo. Alinipa lisilo langu. Simshitaki mtu. Nataka tu kujua langu liko wapi."

"Vioo vya nini?"

Nikamwambia. Sikuficha wala sikufupisha. Nilimwambia picha za nyota, na miaka niliyosoma, na Mama mgonjwa, na profesa. Wanawake wa jirani waliacha kupanga nyanya zao wakasikiliza. Nilipofika mahali pa kusema kwamba hakuna seti nyingine, machozi yalinitoka hadharani, mbele ya soko zima.

Nyaboke aligeuka akasema kwa Kigusii, kwa ukali wa mke, "Toka huko nyuma!"

Onchari akatoka, ana majani ya mgomba kichwani. "Dada, nisamehe," alisema. "Mvua ilinipiga machoni. Yalikuwa mawili, yote ya bilauri. Lile jingine nilimkabidhi mtu wa Dayalji, yule Mhindi wa vioo na rangi, karibu na soko la Kisii. Aliligojea hadi basi likafika."

Nilitaka kugeuka pale pale, lakini mvua ilianza upya na lori lililonileta lilikuwa limekwama mbele kidogo. Nililala kwao. Tulikula ndizi za kupika na maharage, Nyaboke akanipa blanketi lao zuri. Onchari alikuwa mchangamfu sasa kwa kuwa hatafukuzwa kazi. Aliuliza kama kweli nyota zinaweza kuingia katika kioo. Nikamwambia ni picha tu. "Afadhali," alisema. "Maana nilikuwa nimezikalia kutoka Kericho."

Nyamache hadi Kisii tena

Duka la Bwana Dayalji lilikuwa na harufu ya rangi na mafuta ya taa. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mvi pembeni, amezaliwa Kisii hiyo hiyo na anakisema Kigusii vizuri kuliko mimi ambaye kimenipungua ng'ambo. Nilimwuliza kuhusu sanduku. Akajibu kwa fahari kwamba limekwisha kwenda Marani.

"Kuna kanisa jipya kule. Walinipa oda ya vioo vya madirisha. Lilipofika tu, walikuja na mkokoteni wa ng'ombe, wakachukua hivyo hivyo, bila kufungua. Watu wazuri sana."

"Bwana Dayalji, vioo vyao viko nyumbani kwetu Nyamira. Walichochukua ni changu."

"Chako ni kioo gani?"

"Kina picha. Upande mmoja una utando mwembamba wa dawa. Maji ya moto yakiupata, unatoka."

Bwana Dayalji alishika kichwa. "Dada," alisema, "kabla ya kuweka kioo dirishani, watu hufanya nini?"

Nilijua jibu. Wanakiosha.

Alimwita mkewe aje akae dukani, akachukua ufunguo wa pikapu, na tukatoka mle mjini akipiga honi kuwaondoa mbuzi barabarani.

Kisii hadi Marani

Safari ile si ndefu, lakini kwangu ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, hata kuliko ndege iliyonileta. Pikapu iliteleza upande upande. Nilikuwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Nadhani ili kunitoa katika mawazo, Bwana Dayalji aliniuliza nieleze hicho ninachokitafuta mbinguni. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hii kitu haionekani," alisema.

"Haionekani."

"Haiguswi."

"Haiguswi."

"Lakini iko nyingi kuliko vile tunaona."

"Hesabu zinasema hivyo."

Alifikiri hadi tukavuka daraja. "Wateja wangu wakikuja na maneno kama hayo, mimi siwapi kioo kwa mkopo," alisema, na nikajikuta nimecheka, mara ya kwanza tangu nilipofungua sanduku.

Kanisa tuliliona kutoka mbali kwa sababu ya mabati yake mapya. Jua lilikuwa limetoka, limeinama upande wa magharibi. Kwenye uwanja kulikuwa na wanawake, moshi wa kuni, na sufuria kubwa la maji juu ya mafiga. Kando ya sufuria, juu ya mkeka, vioo vyangu vilikuwa vimepangwa bila karatasi zake, vinameremeta.

Niliruka kabla gari halijasimama vizuri. Nilianguka kwenye tope nikainuka. "Msioshe!" nilipiga kelele, kwa Kiswahili, kwa Kigusii, na nadhani hata kwa Kiingereza. "Acheni! Msioshe!"

Wanawake wote waliganda. Aliyekuwa karibu na maji, mama mzee mwenye kitambaa cheupe, alikuwa ameshika kioo kimoja mkononi na majivu mkono wa pili. Jina lake ni Bosibori. Kioo alichoshika kilikuwa kisafi kabisa. Kilikuwa kisafi kama vioo vya kule nyumbani.

"Mwanangu," alisema kwa hofu, "kwani tumefanya nini?"

Mchungaji alikuja mbio, na fundi akateremka kwenye ngazi. Bwana Dayalji akawaeleza kwa Kigusii kuhusu masanduku mawili na mvua, na akasema kosa ni lake kwa kutofungua. Fundi naye akasema kosa ni lake, maana alishangaa vioo vipya vichafu namna ile. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka nikivigeuza kimoja kimoja.

Bosibori alikuja akapiga magoti kando yangu. "Nilianza na hiki kwa sababu hakikuwa na uchafu mwingi," alisema. "Nikasema, hiki kitatakata upesi, halafu tutapata nguvu ya kuosha vingine. Maji baridi yalikataa. Tukachemsha."

Hapo ndipo nilipoanza kupumua. Kioo kisichokuwa na uchafu mwingi! Kilikuwa picha ya sehemu ya mbingu iliyo karibu tupu, niliyopewa ili niilinganishe na zenye makundi. Kukikosa ni hasara, lakini si msiba. Vilivyojaa vidoa, yaani vile vyenye galaksi nyingi, walikuwa wameviogopa wakaviacha nyuma.

Nikavipanga tena. Kimoja kingine hakikuwapo, tena ndicho nilichokihitaji kuliko vyote, chenye kundi kubwa la mbali.

"Kuna kimoja kilichojaa uchafu katikati," nikasema. "Kiko wapi?"

Fundi alikohoa. Alinyoosha kidole juu, kwenye dirisha dogo la mraba chini ya paa. "Kile kilikuwa kibaya zaidi," alisema. "Nikasema nikiweke juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu atakikaribia."

Niliingia ndani ya kanisa. Hakukuwa na viti bado, sakafu ilikuwa udongo. Jua la jioni lilikuwa linapita katika kioo changu, na kule juu nilikiona chote: nyota nyeusi zimesambaa, na katikati lile kundi langu, vidoa vidogo vimesogeleana. Mwaka mzima nimekitazama kile kioo kimelala juu ya meza chini ya lenzi. Sikuwahi kukiona kikiwa mahali pa dirisha, na jua nyuma yake. Nilisimama hapo mdomo wazi, na mchungaji akasimama nami, akavua kofia.

"Puti ya kushikia kioo imekauka?" nilimwuliza fundi.

"Bado mbichi, dada. Nimeiweka mchana."

Alipanda na kisu, akakwangua taratibu huku Bosibori ameshika ngazi na wanawake wengine wametandaza kanga chini, pembe hadi pembe, endapo kingeanguka. Hakikuanguka. Fundi alikiteremsha kifuani kama mtu abebaye mtoto mchanga, akanipa. Kulikuwa na puti kwenye ukingo tu. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nililia kwa mara ya tatu katika safari ile, lakini hii ilikuwa tofauti.

Jioni, Marani

Bwana Dayalji alirudi mjini kabla giza halijaingia, akiahidi kuja kunichukua asubuhi. Mimi nilibaki, maana mama Bosibori alikataa niondoke bila kula kwake. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ile chungu niliyoiota ng'ambo, na baadaye tukakaa mlangoni, majirani wamejaa. Walitaka kujua uchafu ule ulikuwa nini hasa.

Niliwaeleza kuhusu galaksi na makundi yake. Nilipofika kwenye kitu kisichoonekana, niliona nimewapoteza. Giza lilikuwa linashuka bondeni, watu wanawasha koroboi. Nikanyoosha mkono.

"Tazameni ng'ambo ile ya bonde. Mnaona nini?"

"Taa," walisema.

"Na mlima wenyewe?"

"Umekwisha kumezwa na giza."

"Lakini mnajua upo, na mnajua umekaaje, kwa sababu taa zimefuata mgongo wake. Nyumba hazijengwi hewani. Galaksi ni hizo taa. Sisi tunaziona zimejipanga na kukusanyika, tunasema, lazima chini yake kuna mlima."

Wengine wakaguna kwa kukubali. Nilijivuna kidogo. Kisha Bosibori akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini mlima ule sisi tumeuona mchana. Nyinyi huo wenu mmewahi kuuona mchana?"

"Bado," nikasema.

"Hata mmoja wenu?"

"Hata mmoja."

Alicheka, na wote wakacheka, nami pia. "Basi wewe kula," alisema akiniongezea mboga. "Hiyo kazi bado ni ndefu."

Nilivitazama vioo vyangu vilivyolala chumbani, kila kimoja kimefungwa katika kanga ya mwanamke fulani, kwa kuwa zile karatasi zilikwisha kutumika kuwashia moto. Nilijisikia mwepesi kiasi kwamba nilikula sahani mbili.

Marani hadi Nyamira

Asubuhi Bwana Dayalji alikuja na nyasi kavu nyuma ya pikapu, na sanduku tukalilaza juu yake. Aliendesha polepole hivi kwamba watoto wa shule walitupita kwa miguu. Nyumbani, Mama alipoona gari linaingia na mimi nikishuka nikitabasamu, alimkamata jogoo hapo hapo. Tulipokwisha kuteremsha sanduku, jogoo alikuwa sufuriani.

Chakula kilipoletwa, Bwana Dayalji aliangalia sahani kwa aibu. "Mama, naomba radhi," alisema kwa Kigusii safi. "Sisi kwetu nyama hatuli."

Mama alishtuka kana kwamba amemtusi mgeni. Mtu amemrudishia binti yake na kazi ya binti yake, na yeye hana cha kumpa! Alirudi jikoni, na mgonjwa yule aliyekatazwa kuinama akasonga ugali wa wimbi, akaleta mboga ya managu iliyotiwa maziwa, na maziwa mengine kwenye kibuyu. Bwana Dayalji alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Alipoinuka alilegeza mkanda bila kujificha, na Mama akamwangalia kwa ushindi.

Tulimpakilia vioo vya kanisa, vyote vizima, pamoja na kanga za wanawake. Jumapili iliyofuata, nimesikia, vilikuwa vimekwisha kuwekwa, na kanga zilirudi kwa wenyewe.

Baada ya pikapu kuondoka nilifunga mlango wa chumba changu, nikafungua sanduku, nikakisimamisha kile cha dirishani mbele ya mwanga. Nilikitazama kwa lenzi pembe moja hadi nyingine. Kundi lote lilikuwapo. Hakuna galaksi hata moja iliyokuwa imefutika. Nilikusudia kuanza kuhesabu pale pale. Badala yake nilijilaza kitandani, na viatu vyangu, nipumzike kidogo.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea, na majirani walikuja mmoja mmoja kutaka kusikia. Nilikuwa katikati ya usingizi na macho niliposikia sauti zao nje, na sauti ya Mama amesimama mlangoni, mchana kweupe, akiwazuia.

"Mwacheni alale," aliwaambia. "Mbingu zake zimefika. Kimepungua kipande kimoja tu, na hicho amesema hakikuwa na watu."